Burkitt na uvimbe unaokula nguvu za mtoto

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona jambo kama hilo, wala hakuwa na tiba. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani mwa hospitali akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mamaye, naye ana uvimbe ule ule. Tangu hapo hakutulia.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Alifuzu udaktari Trinity College, Dublin, mwaka 1935. Alipoomba kazi katika utumishi wa kikoloni barani Afrika, alikataliwa kwa ajili ya jicho hilo. Vita Vikuu vya Pili vikamleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, akianzia Lira. Huyu wa jicho moja ndiye aliyeona yale ambayo wengi wenye mawili waliyapita.

Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walishika njia kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, yapata kilomita 16,000 kwa majuma 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani aliyoichora ilidhihirisha kwamba uvimbe huu hufuata joto na mvua, na hutoweka penye nyanda za juu zenye baridi. Ukanda huo ni ule ule wa malaria, na sisi wa mwambao wa Ziwa Victoria tumo ndani yake. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London walipata kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizotumwa kutoka Uganda. Malaria na kirusi hicho vingali vikichunguzwa pamoja, hata hapa Kisumu na watafiti wa KEMRI.

Mimi ni mtu wa isimu, si tabibu. Hata hivyo, liko jambo katika ugonjwa huu ambalo kila mzazi wa Nyanza angepaswa kulielewa, nalo ni kukonda. Mjerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, alikuwa amegundua katika miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hutumia sukari kwa ufujaji. Seli ya kawaida huichoma kwa oksijeni ikapata vipimo 30 hivi vya nishati kwa kila chembe ya sukari. Seli ya saratani aghalabu huichachusha tu, hata kama oksijeni ipo tele, ikapata vipimo viwili, na kutupa masalio yaliyo asidi iitwayo laktiki. Damu huyapeleka masalio hayo kwenye ini, nalo ini huyageuza kuwa sukari tena kwa gharama ya vipimo sita. Uvimbe umepata viwili, mwenye mwili amelipa sita, na sukari ile inarudi kuliwa upya! Nao uvimbe wa Burkitt waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Zaidi ya hayo, saratani huchochea kemikali ambazo huyeyusha misuli na mafuta na kuua hamu ya chakula. Mtoto mwenye meno yaliyolegea hawezi hata kutafuna. Ndiyo maana uji na maziwa, japo ni vya lazima, havirudishi nyama iliyokwisha.

Hapa Kaloleni nimesikia mara nyingi mtoto anayenyauka namna hiyo akisemewa kuwa ana chira. Neno hili la Kijaluo lina heshima yake, kwani linalinda mila na utaratibu wa ukoo. Lakini kwa maana yake lenyewe linaelekeza macho kwa wazazi, likiuliza ni mwiko gani uliovunjwa, na mara nyingi mama ndiye anayetwikwa lawama. Wakati manyasi yanatafutwa, uvimbe unaongezeka maradufu, na maradufu tena.

Burkitt hakuwa na mashine za mionzi huko Mulago. Alijaribu dawa, zikiwemo methotrexate na cyclophosphamide, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache mno. Hiyo ni miongoni mwa saratani za kwanza kuponywa kwa dawa pekee. Leo, katika nchi tajiri, watoto tisa hivi kati ya kumi hupona. Kwetu idadi ni ndogo zaidi, na sababu moja kubwa ni kuchelewa kufika hospitalini, ambako wengine hufika wakiwa mifupa mitupu, wasioweza kustahimili dawa yenyewe.

Mwaka 1966 alirejea Uingereza. Huko alipata umaarufu wa pili kwa kuhimiza watu wale vyakula vyenye makapi, kama alivyowaona watu wa vijijini Uganda wakila. Alifariki Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Hapa Kisumu, katika hospitali ambayo wengi wetu bado twaiita Russia, watoto wenye taya zilizovimba wangali wakiletwa.