Kadhi wa Mvita aliyetiwa gerezani Unguja

Kila sheikh wa Pwani anaposhtakiwa kwa maneno aliyoyasema msikitini, utasikia watu wakisema kwamba haya ni mambo ya zama hizi. Wamesahau. Mombasa iliyaona zaidi ya miaka 130 iliyopita, na aliyefungwa hakuwa mwanafunzi wa juzi wala mpiga domo wa barazani. Alikuwa kadhi.

Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui alizaliwa mwaka 1825, ukoo wake ukingali unatawala Mombasa. Alipokuwa na umri wa miaka 12 dunia ilimgeukia. Mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan aliutia mji mkononi, wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali, na wengi wao hawakurudi. Jamaa zake Ali walishika njia ya Makka, na huko ndiko alikosoma.

Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kumgonganisha na wenye nguvu. Wazee wa Mazrui walikuja kutoka Oman wakiwa Ibadhi. Yeye alikuwa Shafii, kama walivyo Waswahili wengi. Aliporudi Mombasa alisomesha, akatoa fatwa, na akashika ukadhi chini ya masultani wa Busaidi. Yaani mtoto wa ukoo ulioangushwa alikuwa akihukumu watu kwa idhini ya wale wale waliouangusha! Angeweza kunyamaza akala riziki yake kwa amani. Hakunyamaza. Alisomesha na kuandika waziwazi akipinga itikadi za Ibadhi, madhehebu ya mfalme mwenyewe.

Mfalme huyo alikuwa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870. Tumpe haki yake. Alileta maji safi mjini Unguja, akajenga Beit al-Ajaib, akaleta mtambo wa kuchapisha vitabu vya dini. Lakini vitabu hivyo vilikuwa hasa vya Ibadhi, na maulamaa waliompinga katika jambo hilo waliiona hasira yake. Sheikh Ali bin Khamis Barwani, aliyeacha Ubadhi akawa Sunni, naye alionja kifungo.

Kwa Sheikh Ali Mazrui palikuwa na la ziada: jina lake. Mwaka 1875 Ngome ya Mombasa ilikuwa imeasi chini ya Muhammad bin Abdallah, ikapigwa mizinga na manowari za Kiingereza. Huko Gasi, Mbaruk bin Rashid Mazrui alikuwa haishi kuwasumbua Mabusaidi. Isitoshe, Wajerumani na Waingereza walikuwa wakimnyang'anya Barghash bara yake kipande kwa kipande. Mtawala anayepungukiwa hivyo akisikia Mazrui anakosoa madhehebu yake, hasikii darsa. Anasikia uasi.

Mwaka 1887 Sheikh Ali alitiwa gerezani Unguja. Alikuwa mtu mzima wa miaka 60 na ushei. Hakuwa ameshika bunduki. Kosa lake lilikuwa ulimi na kalamu. Machi 1888 Barghash akafariki, na ndugu yake Sayyid Khalifa, aliyeshika ufalme baada yake, akamfungulia. Tazama basi: kilichomtoa si kwamba hoja zake zilijibiwa, ni kwamba aliyemfunga alikufa. Kifungo hakikumaliza mjadala hata chembe.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, akamwacha mwanawe Al-Amin akiwa na miaka mitatu tu. Mtoto hakuwahi kukaa kwenye darsa za babake, akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 Al-Amin alianzisha gazeti la Sahifa, kisha mwaka 1932 Al-Islah, akiwakosoa wakoloni na Waislamu wenzake vilevile. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Serikali ya babake ilijaribu kuifunga kalamu moja, na kalamu hiyo ikazaa magazeti.

Sisemi kwamba kila anayepanda mimbari ana haki ya kusema lolote. Anayeita watu kumwaga damu na ajibu mbele ya hakimu. Lakini mkubwa anayemshtaki mwanachuoni kwa sababu tu ameguswa pabaya, na akumbuke gereza la Unguja. Na sisi tunaokaa kimya akichukuliwa, tujiulize: watoto wetu watasoma jina la nani, la mfungaji au la mfungwa?