Kifafa na Tabia: Maisha ya Fyodor Dostoyevsky

Katika vijiji vya chini ya Mlima Meru, alikokulia mwandishi wa makala haya, mwenye kifafa akigombana na jirani, hasira yake huhesabiwa kuwa ni ya ugonjwa. Jina lenyewe, ambalo yamkini lina mzizi wa kufa, halimsaidii. Huko Mahenge, Dk. Louise Jilek-Aall, aliyefungua kliniki ya kifafa mwaka 1960, alikuta wagonjwa waliotengwa hata na jamaa zao. Je, tabia ya mgonjwa hutokana na ubongo au na kutengwa? Mtu anayetajwa mno katika mjadala huu ni Dostoyevsky.

Alizaliwa Moscow mwaka 1821, mwana wa daktari. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1846. Mwaka 1849 alikamatwa kwa sababu za kisiasa, akasomewa hukumu ya kifo uwanjani, kisha akasamehewa dakika za mwisho na kufungwa miaka minne huko Omsk, Siberia. Mwaka 1857, mara baada ya ndoa yake ya kwanza, daktari alithibitisha kuwa ana kifafa. Mwaka 1864 alifiwa na mkewe na kaka yake, akabaki na madeni.

Anna, mke wa pili aliyemwoa mwaka 1867, alimwona baada ya kila kuanguka akishikwa na huzuni, usahaulifu na hisia ya hatia isiyo na kosa. Hali hiyo ilikuja na kuondoka pamoja na ugonjwa. Hapana shaka ni yake. Kamari ni jambo jingine: aliiacha mwaka 1871, ilhali kifafa kiliendelea. Aidha, Waxman na Geschwind walieleza mwaka 1975 kwamba baadhi ya wagonjwa huandika kupita kiasi. Lakini huyu aliandika pia kwa kudaiwa: *Mcheza Kamari* aliimaliza kwa chini ya mwezi mmoja mwaka 1866, akimkimbia mchapishaji.

Freud alidai mwaka 1928 kwamba maradhi hayo yalikuwa ya nafsi. Dai hilo ni dhaifu: mwaka 1878 mwanawe Alyosha, ambaye hakutimiza miaka mitatu, alifariki kwa kifafa.

Dostoyevsky alifariki mwaka 1881. Katika riwaya zake kifafa alimpa Myshkin, mpole kuliko wote, na pia Smerdyakov, muuaji.