Khabari za Fundi Sinan, Mjenzi wa Misikiti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Wako watu waonao kazi ya mikono kuwa ni unyonge, hupenda mtoto wao ashike kalamu tu, asiguse randa wala mwiko. Watu hao na wazisome khabari za Sinan, fundi mkuu wa dola ya Waturuki, aliyeanza kwa useremala, akaishi karibu miaka 100, na kazi za mikono yake zingalipo zimesimama hatta leo.

KUZALIWA KWAKE

Sinan alizaliwa mnamo mwaka 1490, katika kijiji cha Ağırnas, karibu na mji wa Kayseri, huko bara ya Anatolia. Wazee wake walikuwa Wakristo. Zamani hizo dola ya Waturuki ilikuwa na desturi ya kutwaa vijana katika raia zake Wakristo, wakasilimishwa, wakafunzwa kazi za Sultani. Sinan alitwaliwa kwa njia hiyo karibu na mwaka 1512, zama za Sultani Selim wa kwanza, naye umri wake ulikuwa umewazidi wengi wa wenziwe. Hapana mzazi atwaliwaye mwanawe asiingiwe na uchungu. Wala Sinan hakuwasahau jamaa aliowaacha nyuma, kama itakavyoonekana mbele.

Alipofika Istanbul aliingia katika useremala. Akajifunza kupima, kukata, kuunga mbao na kusimamisha nguzo sawasawa na timazi. Huo ndio uliokuwa msingi wa elimu yake yote.

KAZI YAKE KATIKA JESHI

Baada ya kufunzwa alitiwa katika askari wa Sultani. Alikuwamo katika vita vya Belgrade mwaka 1521, na vya kisiwa cha Rhodes mwaka 1522, na vya Mohács mwaka 1526. Wenziwe walipokuwa wakipumzika, yeye alizunguka akitazama majengo ya nchi zile, mazima na magofu, apate kujua hili limesimama kwa nini na lile limeanguka kwa nini.

Katika safari ya kupigana na Waajemi, jeshi lilifika katika ziwa la Van, wala hapakuwa na vyombo vya kulipitia. Sinan akaamrishwa aunde merikebu, akaziunda, akazitia mizinga. Kisha mwaka 1538 jeshi likazuiliwa na mto Prut, katika nchi ya Moldavia. Kingo zake zilikuwa tope tupu, na daraja haikusimama. Sinan akaijenga kwa siku chache, jeshi likavuka. Kwa ajili ya kazi kama hizi, hazikupita siku nyingi ila akafanywa mkuu wa mafundi wa ujenzi wa dola nzima. Naye alikuwa amekwisha kupata umri wa karibu miaka 50, umri ambao wengi huhisabu kuwa kazi zao zimekwisha. Zake ndipo zilipoanza.

MSIKITI WA SULTANI SULEIMAN

Katika mwaka 1550 alianza kujenga msikiti mkubwa wa Sultani Suleiman juu ya kilima cha Istanbul, pamoja na madrasa, spitali, na jiko la kuwalisha maskini. Daftari za hisabu ya kazi hiyo zimehifadhiwa, na ndani yake yameandikwa majina ya mafundi, Waislamu na Wakristo, kila mtu na ujira wake.

Mahasidi wakamwendea Sultani, wakamwambia kuwa Sinan amezembea na kuba haitasimama. Imepokewa kwamba Sultani alikuja mwenyewe hali ya kuwa ameghadhibika, akamuuliza msikiti utakwisha lini. Sinan akamjibu kuwa utakwisha kwa miezi miwili. Watu wakadhani mzee amerukwa na akili kwa khofu. Yeye hakubishana na mtu. Akakusanya mafundi, akasimama nao usiku na mchana, na ahadi ikatimia. Ilikuwa mwaka 1557, sawa na 964 wa Hijra. Sultani akampa Sinan ufunguo, auwe yeye wa kuufungua mlango. Ndivyo mtu mwenye kazi awajibuvyo mahasidi wake.

MAJI NA MADARAJA

Mji wa Istanbul ulikuwa na dhiki ya maji. Sinan akayaleta kutoka misitu ya mbali, kwa mifereji iliyopitishwa juu ya matao marefu ya mawe. Mwaka 1563 ikaja gharika kubwa, ikayabomoa yaliyojengwa. Kazi ya miaka ikaanguka kwa siku chache. Hakukaa akalia, aliyajenga tena, yakawa na nguvu kuliko ya kwanza. Baada ya gharika hiyo alijenga pia daraja ya Büyükçekmece yenye matao 28, akaandika juu yake jina lake la unyenyekevu, Yusuf bin Abdullah.

Alipokuwa na umri wa karibu miaka 80 alianza msikiti wa Sultani Selim wa pili katika mji wa Edirne, akaumaliza mwaka 1575. Kuba yake ina upana wa karibu mita 31. Huo mwenyewe aliuhisabu kuwa ndio kazi yake ya ufundi uliokamilika. Ule wa Sultani Suleiman aliuona kuwa ni kazi ya fundi aliyekwisha kufuzu, asiyefikia bado ukamilifu.

NYUMBA YAKE NA JAMAA ZAKE

Mkewe aliitwa Mihri, na binti zake Neslihan na Ümmühan. Mwanawe mwanamume, Mehmed, alitangulia kufa, na mzee akabaki na msiba huo. Katika waraka wake wa wakfu aliwakumbuka watu wa nyumba yake, akaweka na mambo ya kheri, kama chuo cha watoto. Na msikiti mdogo aliujenga kwa mali yake mwenyewe.

Baada ya Waturuki kuitwaa Kipro mwaka 1571, Sultani aliamrisha watu wa Anatolia wahamishiwe huko. Watu wa Ağırnas nao wakawa katika khatari ya kung'olewa makwao. Sinan akawaombea, na amri ikatoka kuwa jamaa zake wasiguswe. Ilikuwa imepita miaka 60 tangu alipotwaliwa kwao.

KUFA KWAKE

Sinan aliwatumikia Sultani Suleiman, na Selim wa pili, na Murad wa tatu, akiwa mkuu wa mafundi kwa karibu miaka 50. Alikufa mwaka 1588, sawa na 996 wa Hijra. Akazikwa katika kaburi alilolijenga mwenyewe, dogo, pembezoni mwa msikiti wa Sultani Suleiman. Aliyewajengea wafalme makuba, nafsi yake aliikatia pembe ya njia.

Basi mwenye mtoto na amfunze kazi, na mwenye kazi na aifanye vyema, wala asiwasahau watu wake. Mwenyezi Mungu amrehemu Sinan, na atujaalie amali zenye kubaki baada yetu. Amin.