Ole Evinrude: Fundi Aliyeunganisha Kitabu na Mkono

Mwaka juzi nilisafiri kwa boti kutoka Lamu kuelekea Faza. Katikati ya mkondo mashine ya boti, ambayo umri wake waushinda wangu, ilikohoa mara mbili ikazimika. Nahodha aliifungua pampu ya mafuta, akanionyesha kiwambo chake: kipande chembamba cha mpira kilichokakamaa na kupasuka. Hakuhitaji pampu nzima. Alitia kiwambo kipya, akakaza skrubu, tukaendelea. Mimi, mwalimu wa isimu mwenye shahada tatu, nilifurahia tu kwamba jina la kipande hicho lilitokana na kuwamba ngoma. Kazi yenyewe singeiweza.

Njiani alinieleza jambo lililonichoma. Mwanawe, aliyekuwa kidato cha tatu, aliona haya kumsaidia, kwani darasani wavivu walitishwa kuwa wataishia kuwa mafundi.

Tangu siku hiyo nimemkumbuka mara nyingi Ole Evinrude. Alizaliwa Norway mwaka wa 1877, akahamia Marekani pamoja na familia yake angali mtoto. Walilima huko Wisconsin, karibu na Ziwa Ripley. Shule aliisoma kwa miaka michache tu. Akiwa na umri wa miaka 16 alikwenda mjini Madison kufanya kazi katika karakana za mashine, na baada ya kazi akajisomea uhandisi. Baadaye alifanya kazi Pittsburgh na Chicago, kisha akatua Milwaukee.

Husimuliwa kwamba siku moja ya joto alipiga makasia ziwani ili kumletea mpenzi wake, Bess Cary, aiskrimu, nayo ikayeyuka kabla hajamfikia. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, mwaka wa 1909 alianza kuuza mashine ya kufungwa nyuma ya mashua, yenye nguvu za farasi 1.5. Wengine walikuwa wametangulia kuunda mashine za aina hiyo, ila yake ndiyo iliyoenea. Tangi lilikuwa juu ya mashine, mafuta yakashuka yenyewe hadi kwenye kabureta. Pampu za kiwambo zilikuja miaka mingi baadaye, zikavuta mafuta kutoka tangi lililowekwa sakafuni mwa boti.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bess, aliyeolewa na Ole mwaka wa 1906, ndiye aliyetunza hesabu, akajibu barua na kuandika tangazo la kuwahimiza watu watupe makasia. Afya yake ilipodhoofu, waliiuza kampuni mwaka wa 1914. Miaka kadhaa baadaye Ole alibuni mashine nyepesi zaidi, akitumia aluminiamu kwa wingi, na mwaka wa 1921 wakaanza upya na kampuni ya Elto. Mwaka wa 1929 kampuni hiyo iliungana na ile waliyoiuza, Ole akawa kiongozi wake. Bess alifariki mwaka wa 1933. Ole alimfuata mwaka wa 1934.

Maisha haya yanatusuta sisi walimu. Bila kitabu, Evinrude angebaki kibarua wa karakana. Bila kalamu ya Bess, huenda mashine yake isingevuka maziwa ya Wisconsin. Na bila mikono iliyozoea grisi, kitabu na kalamu havingekuwa na la kueleza. Ufundi si adhabu ya aliyeshindwa na masomo. Ni elimu inayotaka masomo zaidi.

Nawasihi walimu wenzangu tuliache tishio lile. Mwana wa nahodha anaweza kuandika insha safi juu ya kiwambo, na akajua pia kukibadilisha. Tukimfunza kuona haya, siku mashine itakapozimika mkondoni sote tutakuwa abiria, na nahodha hatakuwapo.