Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyemfichua fukusi

Antonie van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka 1632 katika mji wa Delft, Uholanzi. Baba yake, msusi wa vikapu, alifariki yeye angali mtoto. Akiwa na umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa, na mwaka 1654 alirudi kwao akafungua duka. Chuo kikuu hakukiona.

Wauza vitambaa wa zama zile walitumia lenzi kukagua nyuzi. Leeuwenhoek hakuishia hapo. Alitengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo mno, akazibana kati ya mabamba mawili ya metali. Mdudu aliwekwa kwenye ncha ya sindano, na skrubu ikamsogeza mpaka aonekane sawasawa. Kwa kuwa hakuwa hodari wa kuchora, alimlipa mchoraji.

Wakati huo hata wasomi waliamini kwamba fukusi huzaliwa na ngano yenyewe, na kiroboto huzaliwa na vumbi. Leeuwenhoek aliwafungia fukusi katika vichupa vya kioo pamoja na ngano, akasubiri. Akaona kwamba fukusi huzaliwa na fukusi: yai, funza, kisha mdudu kamili. Kwa kiroboto alikuta mambo ni yale yale.

Kuanzia mwaka 1673 aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi, wala Kiingereza; aliandika kwa Kiholanzi. Mwaka 1676 alipoeleza viumbe wadogo mno aliowaona majini, wengi walitia shaka. Mwaka 1677 Robert Hooke alirudia uchunguzi huo, naye akawaona. Mwaka 1680 muuza vitambaa akachaguliwa kuwa mwanachama. Alifariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90, na siri ya lenzi zake bora akaondoka nayo. Hilo halikuwa jema.

Ndugu msomaji, sisi tuliosomea ukimbizini tunajua uchungu wa kudharauliwa kwa sababu ya lugha tuliyorudi nayo. Leeuwenhoek hakubishana, alionyesha ushahidi. Nawe mfanyabiashara unayevusha mahindi mpakani, usiseme mahindi yamezaa wadudu. Fukusi jike alitoboa punje akataga yai ndani, pengine shambani, ghalani au kutoka gunia kuukuu. Kausha nafaka vizuri, kagua magunia, fagia ghala. Adui anayejulikana anakotoka huzuilika.