Freud na rafiki aliyetaka kuacha mofini

Mzazi wa Same, huenda kijana wako ametekwa na mirungi, ile ambayo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupanda milima ya Upare kuteketeza mashamba yake. Na huenda umeshauliza zahanati: hakuna kidonge cha kumwachisha? Kabla ya kukujibu, nikusimulie habari za daktari mmoja.

Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856 na kukulia Vienna, Austria, anajulikana kwa kutibu watu kwa mazungumzo. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alijaribu kokeini. Mwaka 1884 alikuwa daktari wa miaka 28, mchumba anamsubiri, mfukoni hana kitu, anatafuta ugunduzi wa kumpatia jina. Aliagiza kokeini, akainywa mwenyewe, akachangamka, akaandika kuisifu.

Rafiki yake, Ernst von Fleischl-Marxow, alikuwa mtafiti hodari. Alijikata kidole gumba akipasua maiti, kidonda kikaharibika, kidole kikakatwa, na maumivu hayakuisha. Akazoea mofini hadi ikamtawala. Freud akampa kokeini imtoe huko. Siku za mwanzo ilionekana kufaulu, na Freud akawatangazia madaktari wenzake. Haukupita muda mrefu Fleischl akawa anajidunga kokeini nyingi, anaona wadudu wakimtambaa mwilini, na mofini hajaiacha. Alifariki mwaka 1891 akiwa na miaka 45.

Mwaka uleule wa 1884, mwenzake Freud, Carl Koller, alidondosha kokeini kwenye jicho la chura, kisha la sungura na la mbwa, ndipo akajijaribu mwenyewe. Ganzi ya kupasulia macho ilipatikana hivyo. Freud hakupitia kwa mnyama. Alitoka kwake mwenyewe akaenda moja kwa moja kwa rafiki. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na haraka.

Siku hizi panya huwekewa mrija mshipani na kufundishwa kubonyeza kitufe ili apate kokeini. Kisha hupewa dawa inayojaribiwa, na watafiti huhesabu kama anabonyeza mara chache zaidi. Katinoni, kiini cha mirungi, imejaribiwa hivyo pia, na wanyama huifuata kama wanavyoifuata kokeini. Dawa kadhaa zilimpunguzia panya hamu, lakini kwa binadamu zikashindwa. Panya hana madeni, wala marafiki wanaomwita kijiweni.

Basi jibu lako ni hili: mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kumwachisha mtu kokeini au mirungi. Anayekuuzia chupa ya kumaliza kazi kwa wiki moja, muulize ameijaribu kwa nani. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya heroini. Hospitalini taja wazi kijana anatumia nini, analala saa ngapi, na kama ana huzuni au anasikia sauti, kwa kuwa hayo yana tiba. Kwa uraibu wenyewe kinachosaidia ni ushauri nasaha wa kurudiwa kwa miezi, familia ikishiriki.

Freud aliachana na kokeini katika miaka ya 1890. Sigara zilimshinda. Mwaka 1923 alipatikana na saratani ya mdomo, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, na bado aliendelea kuvuta karibu mpaka alipofariki London mwaka 1939.