Che Guevara: daktari wa kambi ya Fizi aliyeitwa Tatu

GOMA – Miaka mingi kabla ya MONUSCO kupiga kambi Goma, wanajeshi wa Kuba waliishi milimani Fizi, Kivu Kusini, wakiwasaidia waasi wa Simba dhidi ya serikali ya Kinshasa. Kiongozi wao, Ernesto Che Guevara, daktari mzaliwa wa Argentina, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akafika Kibamba tarehe 24 Aprili 1965. Majina yao ya siri yalikuwa hesabu za Kiswahili. Yeye aliitwa Tatu.

Kambini alitibu wapiganaji na wanakijiji, akajifunza Kiswahili kwa kijana Freddy Ilanga. Yeye mwenyewe alisumbuliwa na homa na pumu. Chakula kilipandishwa mlimani mgongoni. Waasi wengi walikataa kubeba, wakidai wao si malori.

Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera wakashindwa. Wakuba 4 waliuawa. Laurent-Désiré Kabila alifika kambini Julai, akakaa siku chache tu.

Tatu aliondoka tarehe 21 Novemba. Huko Dar es Salaam aliandika kumbukumbu zake, akikiri kwamba walishindwa. Aliuawa Bolivia tarehe 9 Oktoba 1967, akiwa na miaka 39.